Karanga za Mama Chini ya Taa Zangu

Anayetafuta nyumba yangu pale Naviundu hahitaji kuuliza mara mbili. Ni ile ya ghorofa, yenye taa nne kubwa juu ya ukuta, zile tunazoita projekta, zinazomulika mpaka karibu na mto. Niliijenga mwenyewe. Sikuwa na mjomba ofisini wala baba mwenye cheo. Nilianza kwa kubeba mifuko ya simenti mgongoni, nikiishusha kwenye magari ya watu wengine, na leo depo ya simenti na mabati ni yangu, kamio mbili za kubebea mizigo ni zangu, na wanaobeba mifuko wananiita patron, bosi wao. Shule niliiacha darasa la nne. Haya nayaandika kwa mkono wangu, na atakayecheka mwandiko aje kwanza aone nyumba.

Sikuwa mtu wa kuangalia majani. Jani kwangu lilikuwa mboga ya sombe ndani ya sahani, au takataka ya kufagia. Lakini kuna msimu mmoja wa mvua, si wa zamani, nilikaa karibu kila jioni kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba nikiangalia jinsi majani ya karanga yanavyolala. Majirani walisema patron ameanza kuumwa kichwa. Kichwa kilikuwa kizima. Nilitaka mama yangu abaki kwangu, na kubaki kwake kulikuwa kumeshikana na usingizi.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alipostaafu alimchukua mama wakaenda kulima Lukafu, na baba alipokufa mama akabaki kule peke yake, magoti yanamuuma na jembe haliachi. Dada zangu wameolewa mbali. Mwenye nyumba ni mimi. Sasa mtu amejenga ghorofa, na mama yake yuko shambani anabeba maji kichwani, watu watamwangalia vipi? Nilienda kumchukua na kamio yangu mwenyewe, nikampa kiti cha mbele. Alikubali kuja, lakini kabla ya kupanda alishika mlango wa gari akasema:

"Papa, nakuja kuona kwanza. Nikilala muzuri, nitabaki. Nikishindwa kulala, utanirudisha kwangu."

Ananiita papa kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Nilicheka. Nikamwambia, "Mama, kwangu hata imbwa analalaka juu ya simenti ya kulainishwa."

"Miye siko imbwa," akasema, akapanda.

Nilimpa chumba kizuri kuliko vyote, cha ghorofani, pembeni ya chumba chetu mimi na bibi yangu. Chini vigae, godoro jipya ambalo nailoni yake niliichana mwenyewe, dirisha la vioo linaloonyesha mto, na siku ya mbingu safi unaona ndege zinavyoshuka upande wa Luano. Bibi yangu, tuliyefunga naye ndoa kanisani na ambaye tumezaa naye watoto ambao sasa wako kwao, aliposikia ni chumba kile, aliuliza, "Cha juu?" Nikamjibu cha juu. Akaenda kutafuta mashuka.

Asubuhi ya kwanza mama alishuka ngazi akiwa ameshikilia ukuta, macho mekundu kama mtu aliyekaa kwenye moshi.

"Umelala, mama?"

"Nimelala, papa. Nimelala."

"Na hayo macho?"

"Macho ya muzee yanakuwaka vile."

Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Nilimnunulia neti mpya. Nilibadilisha godoro, nikaleta la sponji ngumu, maana niliambiwa wazee wanapenda gumu. Nilihamisha jenereta nyuma kabisa ya parseli, mwisho wa kiwanja. Mama anashukuru kwa kila kitu, na asubuhi macho ni yaleyale. Mwisho nilimkazia: aseme ni nini kinamkosesha usingizi, mimi ni mtu wa kumaliza matatizo, si wa kuyasikiliza tu. Aliangalia huku na huku, kisha akaangalia ukutani.

"Ni hizi taa zako," akasema. "Hapa kwako usiku haufikaka."

Sikupenda jibu lile. Projekta zile ndizo nyumba yenyewe. Nilikuwa nimemwamuru sentineli wangu, mlinzi wa lango, aziwashe kabla hata jua halijazama vizuri, ili watu wanaotoka sokoni wazikute zinawaka. Nilimwambia mama kwamba chumba chake kina pazia zito. Akasema ndiyo, pazia ni zuri.

Halafu akalima gazoni yangu.

Nilirudi kutoka depo siku moja nikakuta majani ya bustani ya mbele, yale mafupi ya kijani niliyoletewa kwa vipande kama mazulia, yamepinduliwa mizizi juu. Kuanzia chini ya projekta ya lango mpaka kwenye ukuta wa annexe, kile chumba cha nyuma kilichojitenga ambamo nilikuwa naweka simenti, ilikuwa mistari ya udongo mwekundu, na mama anatembea kati ya mistari akidondosha mbegu za karanga alizokuja nazo kwenye fundo la kitambaa.

"Mama, ile gazoni niliinunua."

Alisimama, akaniangalia vizuri. "Majani? Ulinunua majani?"

"Ndiyo. Ya mapambo."

"Papa," akasema taratibu, kama anamwambia mgonjwa, "ku Lukafu tunalipaka bantu feza bayang'oe."

Bibi yangu aliingia jikoni haraka, nikamsikia anachekea kule. Mimi sikugombana. Ndani ya roho nilifurahi hata, maana nilijiambia: anayepanda anangojea kuvuna, na anayengojea amekaa. Nikamletea mbolea.

Karanga ziliota. Mvua zilikuwa nzuri mwaka ule, na baada ya muda mistari yote ikafunikwa na kijani, maua madogo ya manjano yakaanza kuchungulia chini. Jioni moja mvua ilikuwa imefunga kazi ya kamio nikarudi mapema. Mama alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo kwenye ukuta wa annexe, rozari mkononi.

"Kuja uone kitu," akasema.

Nikaenda. Alinionyesha kwanza karanga zilizokuwa karibu naye, kwenye kivuli cha ukuta ambapo mwanga wa projekta haufiki. Majani yalikuwa yamefungwa. Kila jani la karanga, kwa yule asiyejua, ni vijani vinne, viwili viwili vinavyotazamana kwenye kijiti kimoja. Mchana vyote vinne vimetandaa wazi kama sahani. Pale vilikuwa vimesimama, vimebanana uso kwa uso kama mikono ya mtu kanisani, na shamba lote la upande ule lilionekana limekonda. Kisha akanyoosha kidole upande wa lango, chini ya taa. Kule majani yalikuwa wazi, yanang'aa kama saa sita ya mchana.

"Zile zinalala. Hizi zako, hapana," akasema. "Hata karanga inashindwa, na unaniuliza miye."

Nilimjibu kwamba labda ni udongo, upande wa lango kulimwagika simenti wakati wa ujenzi. Akasema labda. Lakini mimi siko mtu wa labda. Mteja akiniambia mfuko haujajaa, sisemi naye, naubeba nipime uzito. Kesho yake nilichukua kiti cha plastiki nikakiweka katikati ya mistari, mahali ambapo kivuli na mwanga vinakutana, nikakaa.

Sasa niseme nilichoona, kwa sababu nadhani watu wengi hapa mjini wamekula karanga maisha yao yote na hawajui.

Jani halifungi kwa ghafla. Ukilikodolea macho huoni linavyosogea, kama usivyoona mtoto anavyokua. Lazima uangalie kitu kingine kidogo, uangalie watu wanaopita, halafu urudi. Ukirudi, vile vijani vimeinuka kidogo. Unaangalia tena barabarani, unarudi, vimeinuka zaidi, sasa unaona mgongo wake uliopauka badala ya uso wa kijani. Mwisho vinagusana. Kijiti chenyewe nacho kinalegea. Jani changa linatangulia, jani zee la chini linachelewa, kama tu nyumba ya watu. Maharage ambayo mama alikuwa ameyapandisha kwenye ua yanafanya kinyume: vijani vyake vinaanguka chini, vinaning'inia kama nguo iliyoloa. Mahindi ya jirani hayalali kabisa, yanakaa wima usiku kucha kama sentineli anayelipwa vizuri. Ule mti wa maua mekundu kwenye kona ya avenue, barabara yetu, niliopita chini yake miaka yote nikiwa na mfuko mgongoni, nao unafunga majani yake madogo madogo jioni, na mbingu inaonekana katikati ya matawi. Sikuwahi kuliona hilo. Wakati ule nilikuwa naangalia chini, nisikwae.

Niliona pia kwamba wingu si usiku. Siku moja mchana mvua kubwa ilifunga mbingu mpaka madereva wakawasha taa, na nilikuwa nyumbani. Nilitoka na mwavuli kuangalia karanga. Zilikuwa wazi, zinapigwa na mvua zikiwa wazi vilevile. Hazikudanganyika. Lakini projekta zangu zilizidanganya, kwa sababu projekta inakuja saa ileile ya kulala na kusimama mbele ya uso. Zile za chini ya taa kabisa zilichelewa sana, na hata zilipojaribu, zilifunga nusu tu, kama mtu anayesinzia kwenye misa.

Jirani yangu wa ukuta wa pili ni fundi wa kuchomea vyuma, Mwislamu, familia yao ilitoka Maniema zamani na babu yake alikuwa mfanyabiashara. Lango langu alilitengeneza yeye. Kila jioni akienda kuswali magharibi anapita mbele yangu, na aliponikuta mara kadhaa kwenye kiti kile hakuweza kunyamaza.

"Mukubwa, unachunga karanga zisikimbie?"

"Pita, fundi. Imamu anakungojea."

"Apana, niambie. Bantu banasema umeanza kuhesabu majani."

Nikamwita ndani, nikamwonyesha. Aliinama, akaangalia, akacheka kwa furaha. "Hizi zinaswali," akasema. "Na kwa wakati wake. Kuliko watoto wangu."

"Mama yangu anasema ni mikono ya rozari."

"Basi tugawane. Mustari huu wenu, mustari ule wetu."

Tulibishana juu ya asubuhi. Fundi alisema jua ndilo linaloziamsha, linazigonga kama mwadhini anavyowaamsha watu. Mimi nilisema tutaona. Jioni ile nilichukua ndoo mpya kutoka depo, nyeusi, nzito, nikaifunika juu ya mche mmoja uliokuwa umelala, nikaizungushia udongo pembeni pasiingie hata uzi wa mwanga, nikaweka tofali juu. Asubuhi niliacha jua lipande, watu wote wameshakunywa chai, nikamwita fundi awe shahidi. Nikainua ndoo.

Majani yalikuwa wazi.

Fundi aliipindua ndoo akaiangalia kwenye jua. "Labda iko na tundu."

"Ndoo ya depo yangu haina tundu."

"Vitu vya depo yako navijua, mukubwa."

Tulirudia na sufuria kubwa ya bibi yangu, ya kupikia bukari, ugali wetu, siku za sherehe. Ikawa vilevile: ndani ya giza, bila jua kugonga mlango, mche uliamka wenyewe. Nimenunua na kuuza vitu vingi, na sijawahi kukutana na kitu kinachotembea bila mtu kukisukuma au kukiwekea mafuta. Nilienda kumwambia mama kwa shangwe. Alikuwa anachambua mboga.

"Zinaamka hata ndani ya ndoo," nikamwambia.

"Ulifikiria nini? Kwamba zinangojea wewe ufungue mulango?"

Hakuinua macho. Yalikuwa mekundu bado.

Basi nikafanya kile ambacho watu wanaonijua hawakuamini. Nilimwambia sentineli asiwashe projekta. Zote nne. Nyumba yangu ikaingia gizani kama nyumba nyingine. Siku ya kwanza watu walifikiri kuran, yaani umeme, imekatika kwangu peke yangu. Siku ya pili mwanamke anayeuza mkate kwenye kona alimwuliza bibi yangu kwa huruma kama depo inaendelea vizuri. Fundi akaniambia, "Mukubwa, bantu wanasema umeanguka." Nikamwambia awaache waseme, nitawasha nikitaka.

Zile karanga za upande wa lango hazikupona mara moja. Jioni chache ziliendelea kuchelewa, kwa mazoea mabaya, halafu zikarudi kwenye mstari. Ikafika jioni nimekaa kwenye kiti changu nikaona shamba lote, kutoka langoni mpaka annexe, linafunga pamoja bila kupishana. Nitasema ukweli, nilijiona mtu mkubwa. Nilimfuata mama nikamwambia: "Leo utalala. Tazama zako na zangu, zote sawa."

"Zote sawa," akasema. "Aksanti, papa. Umezima taa yako sababu ya miye."

Asubuhi alishuka ngazi ameshikilia ukuta. Aliketi mezani, akakoroga chai muda mrefu.

"Umelala, mama?"

"Nimelala." Kisha akauliza, kama anauliza bei ya chumvi: "Kamio yako itaenda lini upande wa Lukafu?"

Nilitoka bila kumaliza mkate. Nilikuwa nimetimiza kila alichosema, na aibu ya giza nimeibeba mbele ya avenue nzima, na bado anataka kurudi. Jioni nilimwambia sentineli awashe zote nne. Ziliwaka kwa nguvu, ukuta wote ukawa mweupe. Nikaketi kwenye kiti changu, si kwa ajili ya karanga tena, ni mazoea tu yalikuwa yameshanishika.

Za upande wa lango zilibaki wazi, kama nilivyotegemea. Za upande wa ukuta zikaanza kuinuka. Kama nilivyosema, lazima uangalie kitu kingine katikati, na kitu kilichokuwa karibu ni mama yangu. Alikuwa kwenye mkeka wake, mgongo kwenye ukuta wa annexe, lakini siku ile alikuwa amesogea mbele kidogo, na mwanga wa projekta ulikuwa unampiga usoni moja kwa moja. Alikuwa amelala. Hakuwa anasinzia: amelala, mdomo wazi, rozari imeanguka juu ya paja, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kulima. Pikipiki ilipita inalia, hakutikisika. Taa ilikuwa imemkalia usoni kama jua na hakujua.

Nilikaa naangalia. Majani yakafunga, mama hakufungua jicho. Basi haikuwa taa. Haijawahi kuwa taa.

Baadaye bibi yangu alikuja, akamgusa bega kwa heshima, akamwambia apande akalale kitandani. Mama aliamka, akaona ni wapi anapelekwa, na nikaona uso wake unavyofunga. Alipanda ngazi zile kama anapanda mahakamani. Bibi yangu alimfuata nyuma, na uso wake yeye nao haukuwa mzuri.

Kesho yake nilimwuliza fundi langoni, kwa sababu yeye ana mama mzee kwake, na mambo ya wazee anayajua. Nilimweleza: anashindwa kulala chumbani, analala nje chini ya taa.

"Chumba chake kiko wapi?"

"Juu. Kizuri kuliko vyote."

"Juu wapi?"

"Pembeni ya changu. Ukuta mmoja."

Akaangalia viatu vyake, akaangalia lango alilolitengeneza. "Ukuta mumoja," akasema. "Na kitanda chako, mukubwa, kiko kimya? Ama kinapigaka kelele?"

"Fundi, usinitanie leo."

"Siko natania. Mama yangu miye analala nyumba ya nyuma, na hata kule anasema iko karibu."

Nikaingia ndani nikamfuata bibi yangu jikoni, nikafunga mlango. Nikamwuliza kama anajua. Aliendelea kukoroga sufuria.

"Tangu siku ya kwanza," akasema. "Miye mwenyewe nalala kama ubao. Nageuka, naogopa godoro litasema. Miye mutoto wa mutu na mama bukwe, mama ya bwana yangu, ukuta mumoja. Kwetu hata kulala chini ya bati moja tu ni haya."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Na mama angekuambiaje? Angesema nini kwa kinywa chake, kwa mutoto aliyemuzaa?" Akagonga mwiko kwenye sufuria. "Ndiyo maana akasema taa."

Nilimkumbuka bibi yangu mzaa baba, alivyokuwa akija kututembelea kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli nilipokuwa mtoto. Baba alikuwa akimtandikia kwenye jiko la nje, kile kibanda cha makaa na masufuria, na sisi watoto tunalala ndani ya nyumba. Nilikuwa nauona kama ukatili. Nilijiapia kwamba nikijenga, mama yangu hatalala jikoni, atalala juu ya watu wote. Nikajenga, nikafanya hivyo. Hakuna aliyenieleza kwamba jiko lile lilikuwa heshima, kwa sababu ni jambo ambalo watu hawalisemi. Unaliona tu, na mimi nililiona vibaya.

Mimi nikijua tatizo sichelewi. Siku ileile niliita wabebaji wa depo wakatoa simenti yote ndani ya annexe. Nilipiga lipu ukuta wa ndani kwa mikono yangu mwenyewe, sikumwachia mtu, na mikono ilikumbuka. Nikaweka dirisha linalotazama karanga, mlango wenye komeo la ndani. Kitanda cha mbao, na lile godoro gumu. Mifuko ya simenti, kwa kuwa mahali pengine pakavu hapakuwepo, niliipandisha ghorofani, kwenye chumba cha vigae.

Mama alikuwa kwenye mkeka wake anatazama wanaume wanavyopandisha simenti ngazini, mmoja baada ya mwingine, na vumbi linavyoanguka kwenye vigae vyangu. Alipoona kitanda kinaingia annexe, aliacha rozari.

"Papa, unafanya nini?"

Nilikuwa nimejitayarisha. "Simenti inaogopa unyevu, mama. Chini hapa inaganda. Inataka chumba cha juu."

Aliangalia ngazi, akaangalia annexe. Hakutabasamu.

"Ee," akasema. "Simenti inataka kulala juu."

"Inataka."

"Na ukuta wenu? Haitawasumbua?"

"Simenti haisikiaki kitu."

"Ni kweli," akasema mama. "Haisikiaki." Akainama kuokota rozari, na alikaa ameinama muda kuliko ilivyohitaji rozari. Kule dirishani bibi yangu alikuwa ameshika mdomo.

Hatukusema zaidi, na mpaka leo hatujasema. Jioni ile mama alibeba fundo lake la nguo mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaingia annexe wakati karanga za upande wa ukuta zinaanza tu kuinuka. Nikasikia komeo. Projekta zilikuwa zinawaka zote. Niliuliza kupitia mlango kama zizimwe.

"Acha ziwake," akajibu. "Si ni nyumba yako."

Asubuhi nilitoka na chai yangu. Jua lilikuwa limepanda juu ya mabati ya jirani, majani yote yalikuwa wazi, ya upande wa ukuta na ya upande wa taa, na umande umeshakauka juu yake. Mlango wa annexe ulikuwa umefungwa. Bibi yangu alisimama pale na kikombe cha pili, ameinua mkono kutaka kugonga.

"Wacha," nikamwambia.

"Kumekucha sana sasa, chai itapoa."

"Wacha ipoe."

Dereva wa kamio alikuwa langoni, injini inanguruma, anauliza kama safari ya Lukafu iko bado na kama mama anapanda mbele. Nilimwambia aende peke yake. Amletee mama jembe lake, na kuku kama atawaweza.